Zamu ya Mwezi: Uhakiki wa Kisasili cha Soma na Wake Zake Ishirini na Saba

Utangulizi

Mwanafunzi wa Fasihi Simulizi akiulizwa katika mtihani maana ya kisasili, jibu huwa tayari kichwani mwake: kisasili ni hadithi inayoeleza asili ya jambo fulani. Akitakiwa kutoa mfano, hutaja hadithi moja na kuongeza sentensi moja kwamba hadithi hiyo inaeleza chanzo cha kifo, cha radi au cha ukoo fulani. Hupata alama zake na kuendelea na swali linalofuata. Jibu hilo si la uongo. Tatizo ni kwamba humruhusu msomaji kuiacha hadithi kabla hajaisoma. Akishajua inaeleza asili ya nini, haoni tena haja ya kuuliza nani analalamika ndani yake, nani anasikilizwa na nani ananyamaza.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kasoro hiyo kwa kuhakiki kisasili kimoja cha Kihindi, yaani kile cha Soma, ambaye ni Mwezi, na wake zake ishirini na saba. Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wake hao ndio nyota ambazo katika unajimu wa Kihindi huitwa nakshatra, na ambazo hadi leo hutumika kuamua nyota ya kuzaliwa ya mtoto na kupima kama mvulana na msichana wafaa kuoana. Pili, kisasili hiki husimuliwa mara nyingi kama maelezo ya kwa nini mwezi hupungua na kukua. Hoja yetu ni kwamba hadithi hii kwa hakika ni hadithi ya kesi. Ndani yake nyota ni walalamikaji na mume ndiye mshtakiwa. Katika jedwali la wanajimu, nyota hizo hizo aghalabu hugeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya bibi harusi. Mhakiki hana budi kuuona mgeuko huo.

Vituo vya mwezi

Kabla ya kuingia katika hadithi, ni vema tueleze istilahi. Mwezi huzunguka na kurudi penye nyota ile ile kwa muda wa siku 27 na karibu theluthi moja. Watazamaji wa kale wa India waliigawa njia hiyo katika sehemu 27, ili kila usiku mwezi uwe na mahali pake pa kulala. Duara lina nyuzi 360, hivyo kila kituo kina nyuzi 13 na theluthi moja. Kila kituo hugawanywa tena katika robo nne, na jumla ya robo zote ni 108. Kituo ambamo mwezi ulikuwamo mtoto alipozaliwa ndicho nyota yake ya kuzaliwa. Katika sehemu nyingi za India silabi ya kwanza ya jina la mtoto huchaguliwa kwa kufuata robo ya kituo hicho.

Msomaji wa Kiswahili si mgeni kabisa hapa. Waarabu nao wana vituo vya mwezi 28, na vituo hivyo vimetajwa katika Kurani, Sura ya Yasin. Orodha hizo mbili zinakaribiana sana. Katika orodha ya Kiarabu kituo cha tatu ni Thuraya, ambacho ni kundi la nyota tunaloliita Kilimia, na cha nne ni Dabarani. Katika orodha ya Kihindi inayotumika siku hizi, ambayo huanza na Ashvini, cha tatu ni Krittika, ambacho ni Kilimia kile kile, na cha nne ni Rohini, ambaye ni nyota ile ile nyekundu ya Dabarani. Vitabu vya Kihindi vya kale zaidi huanza kuhesabu na Krittika, na Atharvaveda hutaja vituo 28. Aidha, wanafunzi wetu ambao lugha zao za kwanza ni Kiganda, Kinyarwanda au Kirundi hawahitaji kufundishwa kwamba mwezi ni kalenda. Omwezi na ukwezi, kama ilivyo mwezi katika Kiswahili, hutaja kile kinachong'aa angani na pia muda unaohesabiwa.

Muhtasari wa kisasili

Kisasili chenyewe kimo katika Mahabharata, katika kitabu cha Shalya Parva. Daksha alikuwa na mabinti ishirini na saba, akawaoza wote kwa Soma. Rohini aliwashinda wenzake kwa uzuri, na Soma akawa anakaa kwake tu. Wengine ishirini na sita walikasirika wakaenda kwa baba yao kumweleza kwamba mume wao hakai nao. Daksha alimwita Soma akamwonya awatendee wote sawasawa, kisha akawarudisha mabinti zake. Soma hakubadilika. Walirudi mara ya pili, na Daksha akamwonya tena, safari hii kwa kutishia laana. Waliporudi mara ya tatu, Daksha alimtupia Soma ugonjwa wa kukondesha, ambao wafasiri wengi huuita kifua kikuu.

Soma akaanza kukonda siku baada ya siku. Alifanya kafara nyingi zisimfae. Mimea ikaacha kuota, na ile iliyokuwapo ikapoteza ladha na nguvu, na viumbe vyote vikadhoofika. Hapo ndipo miungu walipokuja kuuliza kulikoni. Walipoelezwa, walimwendea Daksha kumsihi. Daksha hakuifuta laana, bali aliipunguza. Soma awatendee wake zake wote sawasawa, akaoge katika mto Sarasvati, na tangu hapo atakonda nusu ya mwezi na kunenepa nusu nyingine. Soma akaenda kuoga Prabhasa siku ya mwezi mwandamo, akarudishiwa mwanga wake. Mahali hapo, kwa mujibu wa mapokeo, ndipo penye hekalu la Somnath, katika jimbo la Gujarat.

Je, ni maelezo ya asili tu?

Tukikisoma kisasili hiki kama maelezo ya kupungua kwa mwezi, tutaona upesi kwamba ni maelezo dhaifu. Kwanza, mwezi tunaouona haukai kwa Rohini. Hupita kila kituo kwa takriban siku moja, bila kubagua. Mume wa hadithi anafanya jambo ambalo mwezi wa angani haujawahi kulifanya. Pili, kupungua na kukua kwa mwezi hutokana na jinsi unavyoangazwa na jua tukiutazama kutoka duniani, na mzunguko huo huchukua takriban siku 29 na nusu. Mzunguko wa vituo ni siku 27 na theluthi. Hadithi imefunga mizunguko miwili tofauti katika ndoa moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, Soma akishatii hukumu bado anaendelea kukonda kila mwezi. Kama kukonda kulikuwa adhabu ya upendeleo, na upendeleo umekwisha, kwa nini adhabu ibaki?

Swali hilo la tatu haliwezi kujibiwa na unajimu wala na sayansi. Jibu lake ni la kifasihi. Adhabu imebaki kwa sababu imegeuzwa kuwa ratiba. Neno la Kiswahili linalofaa zaidi hapa ni zamu. Katika nyumba ya mitala kila mke ana zamu yake, na zamu ni haki anayoweza kuidai. Soma alivunja zamu. Baba mkwe aliirudisha kwa kuiandika usoni mwa mume mwenyewe, mahali ambapo kila mtu duniani ataisoma. Anayeutazama mwezi mchanga anaona mume anayetekeleza hukumu. Kwa mtazamo huu kalenda nzima ni mapatano yaliyofikiwa baada ya malalamiko ya wanawake.

Muktadha wa usimulizi unatia nguvu usomaji huu. Kisasili hiki hakisimuliwi pembeni ya moto kwa ajili ya kuburudisha. Kinasimuliwa katikati ya vita vya Kurukshetra, ambamo watu wa ukoo mmoja wanauana. Balarama, kaka yake Krishna, amekataa kupigana upande wowote. Bhima na Duryodhana, mahasimu wakuu, wote wawili ni wanafunzi wake wa kupigana kwa rungu. Badala ya kupendelea mmoja, ameondoka kwenda kuzuru mahali patakatifu kando ya mto Sarasvati, na mahali pa kwanza ni Prabhasa. Hapo ndipo msimulizi anapoulizwa historia ya mahali hapo na kuleta habari za Soma. Hadithi ya mume aliyekataa usawa imewekwa katika safari ya mtu aliyekataa upendeleo. Mpangilio huo haukutokea kwa bahati.

Katika sura zinazotangulia kisasili hiki, Balarama anatueleza kwamba imekwisha pita siku 42 tangu aondoke, kwamba alitoka chini ya nyota ya Pushya na amerudi chini ya Shravana. Tuhesabu. Pushya ni kituo cha 8 na Shravana ni cha 22. Kutoka cha kwanza hadi cha pili, tukihesabu siku zote mbili, ni siku 15. Tukiongeza mzunguko mmoja kamili wa siku 27 tunapata 42. Hesabu inakubali. Jambo la kuzingatia ni matumizi. Mwanzoni mwa safari nyota ni tarehe, na katika hadithi inayofuata nyota ni mke mwenye haki. Mtunzi anatuonyesha kwamba siku zenyewe tunazohesabia ndizo zilizoporwa zamu zao.

Sauti zinazosikika na zisizosikika

Hata hivyo, uhakiki wa haki haupaswi kukisifu tu kisasili hiki. Kina mapungufu yake. Wake ishirini na sita wana sauti, lakini ni sauti ya pamoja. Hatumsikii hata mmoja akisema kwa jina lake. Rohini ndiye mwenye jina, lakini hana neno hata moja. Hatuambiwi kama alifurahia kupendelewa au kama alichoka kuchukiwa na ndugu zake wa damu ambao pia ni wake wenza. Katika fasihi yetu tunao wahusika wengi wa namna hiyo, mke mdogo anayelaumiwa kwa makosa ya mume, na ni vema mwanafunzi ajifunze kumtafuta hata pale msimulizi alipomficha.

Aidha, tazama ni lini miungu wanafika. Wanawake wanalalamika mara tatu, na anayesikia ni baba yao peke yake. Miungu hawaonekani. Mimea inapokauka na njaa inapoingia, wanakuja mbio. Maana yake ni kwamba dhuluma ya nyumbani haikuonekana kuwa jambo la umma mpaka ilipogusa chakula cha wote. Hatudhani kwamba mtunzi alipitiwa. Ameitaja mimea kwa makusudi, ili kuonyesha kwamba kisichotendewa haki chumbani hatimaye huonekana shambani.

Jambo moja la kisarufi linafaa kutajwa, kwa kuwa idara yetu ni ya lugha. Katika Kisanskriti majina mengi ya vituo ni ya kike, kama Rohini na Krittika. Lakini si yote. Pushya na Hasta ni ya kiume, na Mula si ya kike wala ya kiume. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba sarufi ndiyo iliyoziozesha nyota hizi. Hadithi imechagua kuwafanya wote wanawake. Kiswahili hakina jinsia ya namna hiyo katika nomino. Nyota zimo katika ngeli ya I-ZI na mwezi katika ngeli ya U-I. Mfasiri akiandika kuwa mwezi "uliipenda" nyota, hadithi imekufa. Hana budi kuwahamishia katika ngeli ya A-WA na kusema Mwezi "alimpenda" Rohini. Hapo tu ndipo dhuluma inapoweza kuonekana, kwa kuwa hakuna anayeweza kudhulumu kitu kisicho mtu.

Kutoka hadithi hadi jedwali

Sasa tutazame nyota hizo zilikofika. Katika mfumo wa kupatanisha wachumba unaotumika sana kaskazini mwa India, nyota za kuzaliwa za mvulana na msichana hulinganishwa kwa vigezo vinane. Vigezo hivyo hupewa alama kuanzia 1 hadi 8, na jumla yake ni 36. Kwa kawaida wachumba hutakiwa kufikisha angalau 18. Kigezo kizito kuliko vyote, kiitwacho nadi, huzigawa nyota 27 katika makundi matatu ya tisa tisa, na wawili wakitoka kundi moja hupata sufuri kati ya alama nane. Kigezo chepesi kuliko vyote, chenye alama moja, humtaka mvulana awe na daraja sawa na la msichana au la juu zaidi. Kinyume chake hakikubaliki. Tayari usawa ambao Daksha aliudai umeanza kupotea.

Kusini, hasa miongoni mwa Watamil, kuna imani kwamba msichana aliyezaliwa chini ya Mula atamletea madhara baba mkwe, wa Ashlesha atamdhuru mama mkwe, wa Jyeshtha kaka mkubwa wa mume, na wa Vishakha mdogo wa mume. Hata Rohini, kipenzi cha Mwezi na nyota ya kuzaliwa ya Krishna, hakusalimika. Husemwa kwamba mtoto wa kiume wa Rohini ni hatari kwa mjomba wake, kwa kuwa Krishna alimuua mjomba wake Kamsa. Ni dhahiri kwamba hapa nyota haidai haki yake. Nyota imekuwa shtaka linalomfuata mtu tangu siku aliyozaliwa, na mara nyingi mtu huyo ni bibi harusi.

Huenda msomaji akapinga kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hofu hiyo si uharibifu wa baadaye. Ni kweli. Tayari katika Atharvaveda umo wimbo wa kumwombea mtoto aliyezaliwa chini ya nyota mbaya. Hatudai kwamba hadithi ilitangulia na jedwali likaja kuiharibu. Tunachosema ni kwamba mapokeo haya yalibeba njia mbili za kuitazama nyota, na kwamba ile ya pili ndiyo iliyoshinda sebuleni kwa wazazi. Hoja ya pili ni kwamba hata wavulana hukataliwa. Hilo nalo ni kweli. Katika riwaya ya R. K. Narayan iitwayo The Bachelor of Arts, ya mwaka 1937, Chandran anamkosa Malathi kwa sababu ya sayari ya Mars katika falaki yake yeye mvulana. Lakini hata huko kinachohofiwa ni kifo cha mke, na Malathi mwenyewe haulizwi. Tena Chandran anaondoka, anazunguka akivaa vazi la mtawa, anarudi, na hatimaye anaoa mwingine.

Hatari ya shtaka hili haikuisha na karne iliyopita. Mwezi Mei 2023, Mahakama Kuu ya Allahabad, katika kesi ya mwanamume aliyetuhumiwa kubaka kwa ahadi ya ndoa, iliitaka idara ya unajimu ya Chuo Kikuu cha Lucknow ichunguze falaki ya mwanamke aliyelalamika. Mshtakiwa alikuwa amejitetea kwamba hangeweza kumwoa kwa kuwa sayari ya Mars ilikuwa imekaa vibaya kwake. Tarehe 3 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha amri hiyo. Kilichohusika hapo ni sayari wala si kituo cha mwezi, lakini mgeuko ni ule ule. Mwanamke alikuja akiwa mlalamikaji, na kwa muda wa siku kadhaa nyota zake ndizo zilizowekwa kizimbani. Nasi wa vyuo vikuu tuzingatie kwamba kazi hiyo ilipelekwa kwa idara ya chuo kikuu.

Hitimisho

Hatuna nia ya kudhihaki imani ya mtu yeyote. Hata pwani yetu wapo waganga wanaokokotoa nyota ya mtu kwa hesabu ya herufi za jina lake na la mama yake, na wapo wachumba walioambiwa kwamba nyota zao hazipatani. Mifumo hii si mmoja, na haifai kuichanganya. Kinachofanana ni swali ambalo mhakiki anapaswa kuliuliza kila anapokutana na nyota ndani ya hadithi, shairi au maneno ya mshenga: je, nyota hii imepewa nafasi ya kusema, au imeitwa ili kumnyamazisha mtu?

Kwa walimu wenzetu wa Fasihi Simulizi, pendekezo letu ni dogo na linaweza kutekelezwa muhula huu. Mwanafunzi akishajibu kwamba kisasili kinaeleza asili ya jambo fulani, asipewe alama zote. Aulizwe maswali mengine matatu. Nani amelalamika? Nani amesikia, na kwa nini amesikia wakati huo? Hukumu iliyotolewa imebaki wapi hadi leo? Katika kisasili cha Soma jibu la swali la mwisho huonekana angani kila mwezi. Wake ishirini na sita waliodai zamu zao walizipata. Walioziandika zamu hizo katika jedwali ndio waliosahau ni nani aliyekuwa mshtakiwa.